Mboga Isiyongoja Kesho

Katika mali zote ziletwazo sokoni, mboga ya majani ndiyo isiyokuwa na subira. Viazi hulala guniani, nazi hukaa miezi, na hata nyanya humpa mwenyewe siku mbili tatu za kufikiri. Mchicha ung'olewao alfajiri huwa umenyauka baada ya adhuhuri, na ubakiao jioni hupewa mbuzi. Wengi wa dada zetu wanaoanza vishamba vya uani huliona jambo hili kuwa mkosi wa biashara yao. Sisi twaliona kuwa ndiyo ngao yake.

Soko la Kongowea hupokea malori ya kabeji, karoti na viazi kutoka bara, ndizi kutoka Taveta, vitunguu na machungwa kutoka Tanzania. Mwenye kishamba nyuma ya nyumba, awe Kisauni, Likoni au Mtwapa, hawezi kushindana na lori kwa kabeji, wala asijaribu, maana kabeji hupenda baridi ambayo pwani yetu haina. Lakini lori haliwezi kumfikishia mpishi mchicha wenye umande. Haliwezi kuleta kunde changa zilizochumwa saa moja iliyopita, wala mnavu, wala dania inayonukia hadi barabarani. Mwenye kishamba na apande hivyo. Safari yake hadi kwa mnunuzi ni ya miguu, na hapo lori limeshindwa.

Tatizo ni kwamba wengi hupanda kishamba kizima kwa siku moja. Baada ya majuma 4 mchicha wote huwa tayari kwa pamoja. Nyumbani huliwa mchicha, jirani hupewa mchicha, mwenye kibanda huiona shehena na kushusha bei. Kisha mwezi mzima hakuna kitu, na mteja aliyezoea huhamia kwingine. Utaratibu ulio bora ni wa matuta 5. Kila juma huatikwa tuta 1 tu. Siku ya kuatika tuta la 5, la kwanza limekwisha timia majuma 4 na laweza kung'olewa. Hutiwa samadi, nalo huatikwa tena juma lifuatalo. Tangu hapo hakuna juma lisilo na mavuno, hata yakiwa machache. Kwa muuza mboga, mafungu ishirini kila juma ni heri kuliko mafungu mia mara moja.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga. Basi ichanganywe na mchanga mkavu ndipo inyunyizwe, ifunikwe kwa udongo mwembamba, na kuangaliwa kwa siku za kwanza kwa sababu chungu huibeba. Samadi ya kuku isitiwe ikiwa mbichi, huunguza mizizi. Ardhi yetu ya kichanga hupitisha maji upesi mno, na samadi iliyooza ndiyo inayoyazuia.

Maji ya kisima nayo yaonjwe kwanza. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mimea haistahimili sawasawa: spinachi na mchicha huvumilia, maharagwe hufa. Mwenye maji ya chumvi asipoteze fedha za mbegu kwa ukaidi.

Majira nayo yana hesabu yake. Wakati wa masika mchicha huota hata pasipopandwa, na bei huanguka. Kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na jua likichoma, mwenye maji na kivuli cha makuti ndiye aliye na mboga. Mwezi wa Ramadhani hupandisha haja ya dania, pilipili na ndimu kwa ajili ya sambusa na kachori; dania yataka siku 40 hivi, kwa hiyo huatikwa mwandamo wa Shaaban haujafika. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladi, hesabu ya mwaka jana isitegemewe kwa mwaka huu.

Tufikapo kwenye dawa ya wadudu, twaomba tusikizwe. Kila kopo limeandikwa idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mchicha wa majuma 4 hauna siku nyingi za kungoja, na muuzaji mwenye haraka hushawishika kung'oa kesho yake. Mnunuzi haoni kitu. Jani ni zuri, halina tundu hata moja. Mtoto wake ndiye atakayelila. Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya kavu, na hapo kilichofichwa kilikuwa maji tu. Viwavi waokotwe kwa mkono asubuhi. Mbegu za mwarobaini, ambao umejaa mitaani mwetu, zitwangwe, zilowekwe usiku kucha, maji yachujwe na kutiwa sabuni kidogo kisha yanyunyizwe jioni. Jani lenye matundu mawili matatu huuzika likielezwa sababu.

Yuko pia mchuuzi ajaye tuta likiwa bado na miche ya kidole kimoja, akataka kulinunua zima. Fedha taslimu hutamanisha, hasa karibu na karo za shule. Lakini zao changa lauzwa kwa sharti la kung'olewa papo hapo. Kuliuza libaki shambani hadi likomae ni katika yale yaliyokatazwa, maana viwavi wakiingia kesho, haijulikani hasara ni ya nani.

Alichochuma mwanamke ni chake, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Akisaidia, ni hisani. Hata hivyo fedha za mchicha zikiingia mkoba mmoja na za unga, huliwa hadi ya mbegu. Kikopo cha pili chatosha: siku ya mauzo, gharama ya mbegu, samadi na maji huwekwa humo kwanza. Kwa madhehebu ya Shafi, mboga za majani hazina zaka ya mazao. Ila akiba itokanayo nazo ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa zaka kama fedha nyingine yoyote.