Kutafuta Nkambo Aliyekuwa Askari

Wandugu wanafunzi, sisi tunajifunza ukoo kwa kinywa: fulani mwana wa fulani. Huko Marekani watu weusi wengi walikatiwa njia hiyo na utumwa. Katika hesabu ya watu ya 1860 watumwa waliandikwa kwa umri, na kama ni mume ao muke, chini ya jina la bwana wao. Jina lao hapana. Hesabu ya 1870 njo ya kwanza iliyowataja wote.

Lakini mwenye nkambo aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865) ana bahati. Watu weusi karibu 179,000 waliingia jeshi la Kaskazini. Mutafutaji anaanza na wazee walio hai, anarudi nyuma paka 1870, kisha anatafuta jina la askari na kikosi chake. Asisimame kwa jina moja: wengine waliandikwa kwa jina la bwana, nyuma ya vita wakachukua la baba.

Utajiri mukubwa uko katika barua za pansioni zinazochungwa Washington. Mujane alipoomba feza, serikali ilidai hakikisho la ndoa. Na ndoa ya watumwa ilikuwa na karatasi gani? Basi aliita mashahidi: majirani wa shamba moja, mukunga, wenzake wa bwana wake jeshini. Karani akaandika: nani aliwaunganisha, watoto wangapi, nani aliuzwa. Ombi likibishwa, mashahidi waliulizwa tena na tena. Kwa hiyo barua za aliyesumbuliwa sana mara nyingi njo zinasema mengi kwa wajukuu.