Ugonjwa wa Kwato: Mnyama Hupata Nafuu, Utunzaji Hauishi

Methali yasema kwamba punda haendi bila kigongo. Lakini yuko punda ambaye hata akichapwa haendi, wala si kwa ukaidi: kwato zamwuma. Jambo hili lawahusu wenye mikokoteni ya punda wa Riruta Satellite na Kawangware, kama linavyowahusu watunzaji wa farasi katika uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, usio mbali na hapo. Farasi wa mbio na punda wa mkokoteni hawalingani kwa bei, lakini ugonjwa huu huwapata wote wawili.

Matabibu huuita laminitisi. Ndani ya ukwato mna tabaka nyembamba za nyama zinazoushikiza mfupa kwenye gamba gumu la nje. Tabaka hizo zikivimba hukosa nafasi, kwa kuwa gamba halitanuki. Kwa hiyo maumivu huwa makali mno. Zikilegea, mfupa huteremka au hupinda, na katika hali mbaya kabisa huweza kutoboa wayo.

Sababu kubwa ni chakula. Mnyama aliyevamia gunia la mahindi au pumba yumo hatarini, na vivyo hivyo yule anayelishwa mikate na molasi kila siku. Majani machanga ya masika nayo huwa na sukari nyingi. Mnyama mnene huathirika zaidi, tena ugonjwa humrudia mara kwa mara. Huweza pia kutokea baada ya kuzaa, iwapo kondo la nyuma limebaki tumboni, au kwa kazi nyingi juu ya barabara ngumu.

Mgonjwa husimama akiegemea nyuma, hupiga hatua fupi, na hachukui kona kwa urahisi. Ukwato huwa na joto, na mshipa wa damu ulio juu yake hupiga kwa nguvu. Punda huficha maumivu yake. Basi yule anayelala kupita kawaida au anayesusa chakula naye achunguzwe. Siku hiyo hiyo afunguliwe mkokoteni, awekwe mahali laini, kwato zipozwe kwa maji baridi sana, na daktari wa mifugo aitwe bila kukawia. Dawa za binadamu asipewe.

Baada ya majuma kadhaa mnyama huonekana mzima, na hapo ndipo wengi hukosea. Humrudishia pumba na mzigo ule ule, na ugonjwa hurudi. Yafaa ijulikane kwamba ukwato huchukua kama miezi 9 hadi 12 kuota upya tangu juu hadi chini. Kwa muda huo wote, na baadaye pia, imempasa mwenye mnyama kushika mambo haya:

Kwanza, alishe majani makavu kwa kipimo. Punda wa kilo 160 asiyefanya kazi hutoshwa na kilo 2 hadi 3 kwa siku; farasi wa kilo 400 huhitaji kama kilo 6. Majani yakilowekwa saa moja na maji yake kumwagwa, sukari hupungua. Lakini asimnyime punda chakula kwa ghafula ili akonde, kwa maana mafuta ya mwili huingia katika damu na huweza kumwua.

Pili, kama hupelekwa malishoni, apelekwe alfajiri, kwani sukari ya majani huongezeka kadiri jua linavyowaka mchana.

Tatu, kwato zikatwe na fundi kila majuma 6 hadi 8.

Nne, kifua kipimwe kwa kamba kila majuma mawili, ili unene ujulikane mapema.

Wapo wachache ambao mfupa wao umekwisha haribika. Kwa hao, shauri la daktari la kuwapumzisha ni huruma.

Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilionyesha kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, tangu 2016, machinjio yalikuwa yakichinja punda kwa ajili ya ngozi na nyama. Basi anayepoteza punda wake kwa debe la pumba hapotezi mnyama tu, bali karo na unga wa nyumba yake, na kumpata mwingine si kazi rahisi.