Siku ya Wafu ya Meksiko Katika Darasa la Watoto Wadogo

Kila mwaka inapokaribia tarehe 1 Novemba, madarasa mengi ya watoto wadogo nchini Meksiko hubadilika sura. Pembeni mwa darasa huandaliwa meza iliyotandikwa kitambaa cha rangi. Juu yake husimamishwa picha za babu, bibi, shangazi na wengineo waliofariki, na mbele ya picha huwekwa vitu walivyovipenda walipokuwa hai. Mtoto wa miaka minne husimama mbele ya wenzake, huonyesha picha aliyoileta kutoka nyumbani, hulitaja jina la marehemu na kueleza jambo moja tu: kwamba alipenda kahawa, au alikuwa akiimba alipopika. Wenzake husikiliza, kisha zamu humwendea mwingine.

Ndugu mkazi, sikukuu hiyo huitwa Siku ya Wafu, kwa Kihispania Día de Muertos. Makala haya yanaeleza asili yake, namna inavyoadhimishwa pamoja na watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na mambo ambayo mzazi, mlezi au mwalimu wa elimu ya awali katika kata zetu anaweza kujifunza kwayo. Msiba hauchagui nyumba, wala haumsubiri mtoto akue. Mara nyingi mtoto ndiye anayeachwa bila maelezo, akiwa amekaa pembeni huku watu wazima wakishughulikia mazishi.

Asili ya sikukuu

Siku ya Wafu huadhimishwa tarehe 1 na 2 Novemba. Kwa desturi iliyoenea, siku ya kwanza ni ya watoto waliofariki, ambao Wameksiko huwaita angelitos, yaani malaika wadogo. Siku ya pili ni ya watu wazima. Mila husema kwamba katika siku hizo roho za marehemu hurudi kwa muda mfupi kuwatembelea jamaa zao. Kwa sababu hiyo makaburi husafishwa na kupambwa kwa maua, mishumaa huwashwa na chakula huandaliwa. Katika kisiwa cha Janitzio, kilicho ndani ya ziwa Pátzcuaro, jimbo la Michoacán, jamaa hukesha makaburini usiku kucha.

Tarehe hizo si ngeni kwa wasomaji wetu Wakatoliki, kwani ndizo za Sikukuu ya Watakatifu Wote na Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Zilifikishwa Meksiko na Wahispania, walioiteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521. Hata hivyo, wenyeji walikuwa tayari na ibada zao za kuwakumbuka wafu, na kadiri miaka ilivyopita mila za pande mbili zilichanganyika. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza sikukuu hii, kama inavyoadhimishwa na jamii za wenyeji wa asili wa Meksiko, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Sikukuu hii si ya huzuni tupu. Mafuvu ya sukari hupambwa kwa rangi, na yale yanayochorwa hutabasamu. Mchoro ulio maarufu kuliko yote ni wa La Catrina, fuvu la mwanamke aliyevaa kofia kubwa ya fahari. Uliasisiwa na José Guadalupe Posada, mchoraji aliyefariki mwaka 1913, kwa nia ya kuwakejeli watu waliojitia ubwana wa Kizungu na kuikana asili yao. Ujumbe wake ulieleweka na wote: aliye nacho na asiye nacho mwisho wao ni mmoja.

Kinachofanyika darasani

Nchini Meksiko elimu ya shule ya awali ilifanywa kuwa ya lazima kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2002. Kwa hiyo watoto wengi huikuta sikukuu hii mara mbili, nyumbani na shuleni. Kazi za darasani huwa nyepesi, na vifaa vyake ni vya kawaida.

Ile meza yenye picha huitwa ofrenda, yaani matoleo. Kila kilicho juu yake kina maana ambayo mwalimu huieleza kwa maneno machache. Bilauri ya maji ni kwa ajili ya msafiri aliyetoka mbali akiwa na kiu. Chumvi ni ishara ya usafi. Mshumaa humwangazia njia. Hufukizwa pia kopali, utomvu wa miti ulioganda, wenye harufu nzuri kama ubani. Jina hilo limetokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na wafanyabiashara wa Ulaya walilitumia hata kwa sandarusi iliyochimbwa katika pwani ya Afrika Mashariki na kuuzwa kupitia Unguja. Panapokuwa na watoto wadogo ni salama zaidi kutumia mishumaa ya karatasi, na ufukizaji ukaachwa kwa watu wazima.

Ua la sikukuu ni cempasúchil, lenye rangi ya manjano iliyokolea hadi kufanana na chungwa. Jina lake katika Kinahuatl lina maana ya ua la ishirini, kwa wingi wa petali zake. Petali hizo hutawanywa kutoka mlangoni hadi mezani ili rangi na harufu yake zimwonyeshe marehemu njia. Watoto hutengeneza ua hilo kwa karatasi laini: karatasi kadhaa hupangwa pamoja, hukunjwa kwa mikunjo myembamba ya kwenda na kurudi, hufungwa uzi katikati, kisha hufunuliwa moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huvizoeza vidole vitakavyoshika penseli baadaye.

Juu ya meza hutundikwa karatasi nyembamba za rangi zilizokatwa matundu ya maumbo mbalimbali. Mji wa San Salvador Huixcolotla, katika jimbo la Puebla, unasifika kwa ufundi huo. Mafundi wake hukata tabaka nyingi kwa pamoja kwa patasi na nyundo. Mtoto hukunja karatasi yake mara mbili au tatu, hukata pembe kwa mkasi usio na ncha, kisha huifunua na kushangaa alichokipata.

Upo pia mkate wa wafu, pan de muerto, mkate mtamu wa duara wenye vipande vya unga juu yake vilivyofinyangwa kwa umbo la mifupa na kunyunyizwa sukari. Katika nyumba nyingi huandaliwa tamales, unga wa mahindi uliofungwa katika maganda na kupikwa kwa mvuke. Zao la mahindi lenyewe lilianza kulimwa nchini Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya kuvuka bahari na kuwa chakula chetu cha kila siku. Mwalimu anayetafuta mahali pa kuanzia anaweza kuanza na punje ya mahindi, kwa kuwa hakuna mtoto asiyeijua.

Hayo yote ni maandalizi. Kiini cha siku ni pale mtoto anaposhika picha, akataja jina na akasikilizwa.

Mtoto mdogo na kifo

Wataalamu wa makuzi ya mtoto wanaeleza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hajaelewa kuwa kifo ni cha kudumu. Kutambua kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi kazi tena, na kwamba kila kilicho hai hufa, ni mambo yanayojengeka taratibu. Kwa watoto wengi hukamilika kati ya miaka mitano na saba. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuuliza leo baba atarudi lini, akajibiwa, na kesho akauliza vilevile. Huo si ukaidi. Anajaribu kulielewa jambo kubwa kuliko umri wake. Wapo pia wanaodhani kifo kimesababishwa na kosa lao, kwa sababu walikasirika au hawakutii.

Hapa ndipo desturi ya kuwaficha watoto inapoleta madhara. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri husubiri. Kila gari likisimama nje hukimbia kuchungulia, na siku zinapopita huanza kuamini kwamba mama ameondoka bila kumuaga na hataki kurudi. Mtoto aliyeambiwa babu amelala anaweza kuogopa usingizi wake mwenyewe. Lugha yetu ina tafsida nyingi za staha: ameaga dunia, ametutoka, ameitwa na Mola wake. Ni maneno mema kwa mtu mzima anayejua maana yake, lakini mtoto huyachukua kama yalivyo. Kwake yeye neno la wazi lina huruma zaidi: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi, si kosa lako, sisi tutaendelea kukulea.

Kwa sababu hiyohiyo, masimulizi ya Meksiko juu ya roho zinazorudi yanahitaji uangalifu. Mtoto ambaye bado hajaelewa kwamba kifo ni cha kudumu anaweza kukaa mlangoni akimngoja bibi yake aje kula mkate. Mwalimu anapaswa kutenganisha mambo mawili: hivi ndivyo mila ya watu wa Meksiko inavyosimulia, nasi tunajua kwamba aliyekufa hatutamwona tena akiingia mlangoni, ila tunaweza kumkumbuka na kumzungumzia.

Mambo ya kuzingatia shuleni

La kwanza ni imani. Kata zetu zina Waislamu, Wakristo wa madhehebu mbalimbali na wanaofuata mila za wazee. Katika Meksiko yenyewe Ibara ya 3 ya Katiba inaelekeza kwamba elimu ya umma isifungamane na dini yoyote. Meza ya shuleni huwekwa kama somo la utamaduni, na hata hivyo zipo familia ambazo kwa sababu ya imani yao hazishiriki. Kujifunza habari za sikukuu ya watu wengine ni tofauti na kuifanya ibada hiyo. Ramani, hadithi, ua la karatasi na wimbo vinatosha kabisa kwa somo la asubuhi moja. Mwalimu awajulishe wazazi mapema, na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhia apewe kazi nyingine bila kudharauliwa.

La pili ni kutoichanganya sikukuu hii na Halloween ya tarehe 31 Oktoba. Mafuvu ya Meksiko hayakuwekwa ili kutisha. Kuwavisha watoto vinyago vya mizimu na kuwafundisha kushtuana ni kuipotosha sikukuu ya watu na kuwatia hofu waliofiwa.

La tatu ni mtoto mwenye msiba mbichi. Mwalimu ajue kabla ya somo ni nani amefiwa karibuni. Mtoto huyo asilazimishwe kusema wala kuleta picha, na asiondolewe darasani kana kwamba ana kosa. Akae karibu na mwalimu, achore akitaka, anyamaze akitaka.

Nyumbani

Mzazi hahitaji meza ya Meksiko ili kumsaidia mwanawe. Kwetu zipo njia nyingi za kuwakumbuka marehemu: matanga, arobaini, khitima, misa ya kumbukumbu na kusafisha makaburi. Upungufu wake ni kwamba watoto hutumwa wakacheze mbali hadi shughuli iishe. Mtoto anaweza kupewa nafasi ndogo inayolingana na umri wake: kubeba maji ya kumwagilia maua kaburini, kuitikia dua, kuchagua picha ya kuwekwa sebuleni. Baada ya hapo, jina la marehemu liendelee kutajwa nyumbani katika mazungumzo ya kawaida, hasa katika mambo ya kuchekesha aliyoyafanya. Mtu mzima akitokwa na machozi mbele ya mtoto, amweleze tu kwamba analia kwa sababu anamkumbuka marehemu.

Mtoto aliyefiwa anaweza kurudia kukojoa kitandani, kukataa kuachwa shuleni, kukosa usingizi au kucheza mchezo wa mazishi. Mengi ya haya hupungua kadiri muda unavyokwenda, iwapo anapata chakula, ratiba isiyobadilika na mtu wa kumjibu. Hali ikiendelea kwa wiki nyingi, ikizidi kuwa mbaya, au mtoto akianza kusema kwamba anataka kumfuata marehemu, mzazi asisubiri. Aanze kwa kuzungumza na mwalimu wa darasa, kisha aende ofisi ya kata aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na watoto wenyewe wanaweza kuipiga.

Walezi wanaoandikisha watoto katika madarasa ya awali wanaombwa pia kumjulisha mwalimu endapo mtoto amefiwa na mzazi, ndugu au mtu aliyemlea. Maneno mawili ya faragha siku ya kuandikisha yatamwezesha mwalimu kuwa tayari siku mtoto atakapouliza, mbele ya darasa zima, baba yake atarudi lini.