Laptopu Ikimeza CD

Anayeingiza CD kwenye laptopu siku hizi mara nyingi hana njia nyingine. Filamu zimehamia kwenye flashi na nyimbo zipo kwenye simu. Vilivyobaki kwenye diski ni vile vitu visivyo na nakala: video ya harusi ya miaka ya elfu mbili na kitu, mahafali ya mtoto ambaye sasa ana watoto wake, albamu ya kwaya ambayo nusu ya waimbaji wake wameshatangulia mbele za haki, au picha za CT na MRI alizokabidhiwa mgonjwa ili ampelekee daktari mwingine. Ndiyo maana, laptopu ikimeza CD, kabla hujagusa chochote amua unaokoa nini: diski au draivu. Mimi huokoa diski. Draivu inanunuliwa, lakini harusi ya mwaka 2009 haifungwi mara ya pili ili ipigwe picha upya.

Hapa Bagara, kama ilivyo Babati nzima, laptopu zenye mlango wa CD hazijaisha, na sababu ni mtumba. Dell Latitude E6420, HP EliteBook 8460p na Lenovo ThinkPad T420, zote za mwaka 2011, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, zikatumika huko, kisha zikauzwa kama mtumba. Ni mashine ngumu. Tatizo lao ni betri: nyingi zimechoka, mashine inaishi kwa chaja tu, na umeme ukikatika inazima papo hapo na diski ikiwa tumboni. Mwenyewe akibonyeza kitufe, kimya. Anakimbilia kisu cha jikoni, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Kitufe kile hakisukumi trei. Kinachofanya ni kupeleka taarifa kwenye bodi ya draivu, bodi inasimamisha mota, halafu sumaku ndogo ya umeme inavuta komeo na springi inaisukuma trei nje kidogo, kama sentimita moja au mbili. Sehemu iliyobaki unaivuta kwa mkono. Bila umeme hakuna sumaku, na bila sumaku komeo halifunguki hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha umeme. Chomeka chaja hata kama betri ina chaji, maana baadhi ya laptopu hukata umeme wa draivu zikiwa kwenye betri ili kubana matumizi. Washa, subiri, bonyeza. Wengi tatizo lao linaishia hapa.

Likiendelea, huenda diski haijakwama popote, imezuiliwa. Programu inayocheza video, au ile ya kuchomea CD, inapoisoma diski huweza kuiamuru draivu isifungue mlango. Funga programu zote, fungua orodha ya draivu za kompyuta, bofya kulia kwenye ile ya DVD, kisha chagua "Eject". Ikigoma, zima mashine kabisa, iwashe tena, na nembo ya kampuni ikitokea tu kwenye kioo bonyeza kitufe cha draivu hapo hapo, kabla Windows haijaamka. Wakati huo umeme upo na aliyeweka zuio bado amelala. Ujanja huu ni mdogo lakini umeokoa watu wengi gharama ya fundi.

Sasa tuje kwenye diski iliyokwama kweli, na hapa lazima tutofautishe kompyuta ya mezani na laptopu. Draivu ya kompyuta ya mezani ni nene. Unalaza CD kwenye trei, trei inaingia yenyewe kwa mota, na kibanio chenye sumaku kilicho juu kinaishika diski. Draivu ya laptopu ina unene wa milimita 12.7 au 9.5 tu, na ndani yake hakuna nafasi ya kibanio cha juu. Badala yake, kitovu cha mota kina gololi au kucha tatu zenye springi, na tundu la katikati la diski, lenye kipenyo cha milimita 15, lazima likandamizwe juu ya kitovu hicho mpaka lilie "ta!" Mtu aliyezoea kompyuta ya mezani huilaza diski bila kuikandamiza na kuisukuma trei ndani. Mota ikizunguka, diski inaruka kutoka kwenye kitovu, inapanda na kujibana kwenye kifuniko cha bati kilicho juu yake. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote, na ndicho rahisi kuliko vyote kukizuia: vidole viwili karibu na tundu la katikati, kandamiza, sikiliza.

Chanzo cha pili ni stika. CD ilipoingia sokoni Japan mwezi Oktoba 1982 ilikuwa na kipenyo cha milimita 120 na unene wa 1.2, na DVD iliyofuata mwaka 1996 ikarithi vipimo hivyo hivyo. Draivu zote zimechongwa kwa unene huo. Mpigapicha anayebandika karatasi yenye picha ya maharusi mgongoni mwa DVD anaongeza kitu ambacho hakikupangiwa nafasi. Siku ya kwanza itaingia na kutoka vizuri. Baada ya miaka kadhaa kabatini gundi inakauka pembeni, ukingo wa karatasi unanyanyuka, na joto la draivu linamalizia kazi. Draivu ya kawaida ya laptopu husoma CD kwa kasi iitwayo 24x, ambapo ukingo wa diski hukimbia karibu kilomita 110 kwa saa, mwendo ambao basi la Arusha likikutwa nao litasimamishwa na trafiki. Karatasi iliyolegea haiwezi kuvumilia upepo huo. Inachanika, inajikunja kati ya diski na kifuniko, na trei haitoki tena.

Vyanzo vingine nivitaje kwa haraka: diski iliyopinda kwa kuachwa kwenye dashibodi ya gari juani, diski mbili zilizowekwa pamoja na mtoto, na vumbi. Vumbi la kiangazi kwenye barabara za udongo za Bagara huingia hata pale sindano isipoingia, hushikana na grisi ya reli za trei na kuifanya nzito.

Dawa ya diski iliyokwama inaanzia kwenye tundu dogo lililo kwenye uso wa draivu, karibu na kitufe na taa. Watu wengi hudhani ni mapambo. Nyuma ya tundu hilo kuna komeo lile lile ambalo sumaku ingelivuta, na unaweza kulisukuma mwenyewe. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Chukua klipu ya kubania karatasi, inyooshe, iingize moja kwa moja bila kuinamisha mpaka ukutane na kitu kinachokataa, kisha sukuma kwa nguvu ya wastani. Trei itaruka kidogo. Pini ya kutolea laini ya simu mara nyingi ni fupi mno. Kijiti cha meno huvunjikia ndani, na hapo umejitengenezea tatizo la pili. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 na haipiti. Klipu ya karatasi inauzwa kila steshenari, itafute hiyo.

Trei ikitoka kidogo na kugoma, usiivute. Kugoma huko kunakuambia kwamba diski au stika inagusa kifuniko cha juu. Kata kipande chembamba cha plastiki laini, kwa mfano jalada la faili la ofisini, kipitishe taratibu juu ya diski, kati yake na kifuniko, ukiikandamiza diski chini huku mkono mwingine ukiivuta trei kidogo kidogo. Chuma hakitakiwi hapo, iwe kisu, koleo au bisibisi, na sababu yake wengi wanaijua kinyume.

Watu huilinda sana sehemu ya chini ya CD inayong'aa na kutojali ile ya juu yenye maandishi. Lakini kwenye CD, taarifa zimekaa juu, chini tu ya maandishi, zimefunikwa na utando mwembamba wa rangi na vanishi. Leza inatoka chini na kupenya plastiki yote ya milimita 1.2 ili kuzifikia. Mkwaruzo wa chini upo kwenye plastiki tupu na mara nyingi unaweza kusuguliwa na diski ikasomeka. Mkwaruzo wa juu unang'oa taarifa zenyewe, na hakuna fundi atakayezirudisha. DVD ina nafuu kidogo, kwa kuwa imeundwa kwa bapa mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja na taarifa zipo katikati. Kisu cha jikoni kikipita juu ya CD ya picha za CT kinaweza kufuta kipande kile kile ambacho daktari alikuwa anakitafuta.

Plastiki nayo ikishindwa, toa draivu nzima. Zoezi hili linaogopwa bila sababu. Kwenye laptopu nyingi za zama zile draivu imeshikiliwa na skrubu moja tu upande wa chini, mara nyingine yenye alama ndogo ya diski pembeni yake. Ifungue kwa bisibisi ya nyota, sukuma draivu kuelekea nje, na yote itateleza mkononi mwako. ThinkPad T420 haihitaji hata bisibisi, ina kitasa cha kusukuma. Ukishaishika, ilaze mezani, igongegonge kidogo kwa kidole ili diski irudi chini, rudia klipu. Ikikataa, geuza draivu, fungua skrubu ndogo za kifuniko, uzipange kwenye kisosi maana zikidondoka sakafuni huzioni tena, kisha nyanyua bati. Diski itakuwa wazi mbele yako. Ukiwa umefika hapo usiguse lenzi, lile jicho dogo linaloteleza kwenye reli, na usije ukaichomeka draivu kwenye umeme ikiwa wazi. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, ambayo jicho karibu haliyaoni, na leza ya draivu inayochoma diski ina nguvu ya kuharibu macho. Kifuniko kile kipo kwa sababu hiyo.

Kama umesikia mlio wa kupasuka, sheria inabadilika. Zima mashine mara moja na usiwashe "kuangalia kama bado inasoma." Vipande vya diski ni vikali kama kioo na vitakwangua lenzi na kitovu. Diski yenye ufa haigandishwi kwa gundi, kwa sababu ikizungushwa zaidi ya mara 4,000 kwa dakika itapasuka tena. Hiyo tumeipoteza.

Wenye MacBook za zamani wana shida yao. Draivu zao hazina trei wala tundu, diski inamezwa kupitia mfereji. Ya mwisho kutengenezwa hivyo ni MacBook Pro ya mwaka 2012. Washa mashine huku umeshikilia kitufe cha panya au pedi ya kugusa mpaka diski itoke. Isipotoka, mpelekee fundi, usichokonoe mfereji kwa kadi ya benki. Na CD ndogo ya sentimita 8 usiiweke humo kabisa.

Diski ikishatoka salama, usiirudishe kwenye draivu ile ile kwa furaha. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Kama ina stika inayonyanyuka, usiivute, hasa kwenye CD, itang'oka na taarifa. Ilaze stika hiyo vizuri, kisha diski isomwe mara moja kwenye draivu nene ya kompyuta ya mezani yenye nafasi zaidi, na mara hiyo moja itumike kunakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, haijazi hata flashi ndogo ya dukani.

Draivu iliyokwama mara mbili mimi siirekebishi. Nyingine huagizwa Arusha, kama kilomita 170 kutoka hapa, na kuja na basi kama kifurushi. Iliyo bora zaidi ni ile ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB, kwa sababu itatumika na laptopu yoyote utakayonunua baadaye.

Kwenu wapigapicha wa Bagara na Babati mnaoendelea kukabidhi DVD za harusi: acheni kubandika stika za karatasi. Nunueni diski zinazopokea wino moja kwa moja, au andikeni majina ya maharusi kwa kalamu ya wino yenye ncha laini ya kuandikia CD, na ndani ya kasha mweke na flashi.