Maneno Yetu, Historia Yetu (5): Aliyerubuniwa na Aliyerubuni

Marufuku ya butura, yaani biashara ya kahawa isiyovunwa, imetangazwa tena, kama inavyotangazwa karibu kila msimu, na kama kawaida yamefuatia maneno makali juu ya wakulima. Nimeyasikia Ihanda, nimeyasikia stendi ya Omurushaka: anayeuza kahawa ikiwa bado ua ni mjinga, ni bwege, ni mfuata mkumbo, kichwa chake kinageuzwa na yeyote mwenye noti mbili mkononi. Makala ya leo ilikusudiwa kuendelea na uzao wa Ruhinda, watawala wa Karagwe, pale tulipoishia. Nitaendelea nao vilevile, kwa sababu habari zake zinayagusa maneno hayo kuliko watu wanavyodhani.

Tuyatazame maneno yenyewe kwanza. Kiswahili kimejaa majina ya mtu mwepesi wa kuamini: zuzu, juha, bwege, boya, limbukeni, bendera fuata upepo. Majina hayo yote yanamtaja mtu mmoja tu na kumwachia lawama peke yake. Vitenzi vyetu ni vya haki zaidi. Mtu karubuniwa, kalaghaiwa, kahadaiwa, kaingizwa mkenge, kavishwa kilemba cha ukoka, kauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukisikia kitenzi cha namna hiyo ni lazima uulize: na nani? Ukisikia "bwege" huulizi kitu, unacheka na kupita. Nawasihi walimu wetu wa Kiswahili wawafundishe watoto kuuliza swali hilo kabla ya kuwafundisha orodha ya matusi.

Sasa twende Bweranyange, makao ya watawala hao. Wasomaji wa makala zilizotangulia wanakumbuka kwamba wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke ameandika jinsi Rumanyika alivyoupata ufalme baada ya kifo cha baba yake. Ngoma ndogo, nyepesi mno, iliwekwa mbele ya ndugu watatu. Kila asiyestahili kutawala ingemshinda kuinyanyua kwa uzito wa dawa zilizomo. Ndugu wawili walihangaika, haikusogea. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo. Mzungu yule aliisimulia kama habari ya watu wanaoamini chochote, na wasomaji wake huko Uingereza bila shaka walitabasamu.

Lakini fungueni kurasa nyingine za kitabu kilekile, kilichochapishwa 1863, mwone nani alikuwa mwepesi wa kuamini. Speke alimtazama Rumanyika, akampenda kwa upole wake, kimo chake na sura yake, akajishawishi mwenyewe kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mwenyeji wa nchi hizi. Akamwambia kwamba ukoo wake umetoka kwa Wahabeshi, watu wa Ukristo wa kale. Wakazungumza sana juu ya dini na historia, na Rumanyika akafurahi hata akakubali wanawe wawili wapelekwe Uingereza wakasome. Ushahidi wa dai lile ulikuwa nini? Hasa sura za watu na ng'ombe wenye pembe ndefu. Hata hivyo, wasomi wa Ulaya, mapadre na maofisa wa serikali za kikoloni waliipokea nadharia hiyo, wakaikuza, wakaifundisha shuleni kwa miongo mingi kama elimu iliyothibitishwa. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila katika kadi ya kila mtu mzima miaka ya 1930, huku wakiamini kwamba Mtutsi ni mgeni aliyetoka Uhabeshi kuja kutawala. Sijapata kumsikia mtu akiwaita maprofesa wale mabwege.

Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya, kaskazini-magharibi ya Rwanda, akawahutubia watu kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na watarudishwa huko haraka kwa njia ya Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake Kagera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, miili ilielea katika Kagera, mto huu unaopita mipakani mwa Karagwe na Kyerwa, hadi Ziwa Viktoria. Nadharia haikuua peke yake, na Speke hakuwa wa pekee kuieneza. Lakini maneno yaliyosemwa barazani Bweranyange yalipita vyuoni, seminarini na maofisini, yakabebwa na watu wenye shahada, ndipo yakafika kwa kijana mwenye panga. Tunaporudia kusema kwamba wanaoshawishika ni wasiosoma, tunawakosea wengi.

Hata nyumbani mambo ni hayohayo. DECI, ule upatu wa "kupanda na kuvuna mbegu" uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Mtu alipoambiwa na mchungaji kwamba mbegu yake itazaa, alikuwa akitii sauti aliyofundishwa kuiheshimu tangu utotoni. Huo si upumbavu.

Nafasi imebaki ndogo, nirudi kwenye butura. Mnunuzi haji wakati wa mavuno. Anakuja Januari, mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza, sare na godoro vinadaiwa, na mizani ya AMCOS, chama cha ushirika, itafunguliwa miezi kadhaa baadaye. Anaingia kibanjani jioni, anapita kati ya migomba na mibuni, anainama kukagua tawi, anataja gunia ngapi. Daftari la shule linafunguliwa, jina linaandikwa, dole gumba linabonyezwa. Mama wa nyumba anajua kabisa kwamba bei ile ni sehemu ndogo ya bei ya msimu. Ukimuuliza atakupigia hesabu yote kichwani. Anayejua hasara yake hivyo hajadanganywa, amebanwa.

Basi marufuku peke yake haitoshi. Ushirika wetu utenge mkopo mdogo wa Januari, ukatwe kwenye malipo ya kahawa, na masharti yake yasomwe kwa sauti mkutanoni. Na siku viongozi wanapokemea butura hadharani, wawataje pia wenye madaftari, kwa maana kijijini wanajulikana wote.

Ugomvi wa Rumanyika na nduguye Rogero, pamoja na mkono wa Musa, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora, nitaueleza katika sehemu ijayo.