Mwalimu mwenye ari hasahau dawati la nyuma

KATIKA madarasa mengi humu nchini, mwalimu anapouliza swali, mikono inayonyooshwa ni ya wanafunzi wale wale watano au sita. Mwalimu hupokea jibu sahihi, huliandika ubaoni na kusonga mbele. Walioketi nyuma huinamisha vichwa, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limefaulu.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: limefaulu kwa nani?

Mambo mawili hutajwa kila mara panapozungumziwa ufundishaji bora. La kwanza ni ari, yaani ile shauku inayomfanya mwalimu alipende somo lake na kutamani wengine walipende. La pili ni ujumuishaji, yaani kuhakikisha kwamba kila mtoto aliye darasani anashiriki na kufaidika, awe mwepesi au mzito wa kuelewa, mwenye ulemavu au asiye nao, tajiri au fukara. Aghalabu mambo haya huelezwa kana kwamba hayahusiani, ilhali moja likikosekana, jingine huwa pungufu. Mwalimu mwenye ari isiyojumuisha huwachangamsha wachache walio mbele. Naye anayejumuisha bila ari huwakusanya wote na kuwachosha kwa pamoja.

Suala hili lilipata uzito mkubwa mnamo Januari 2003, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka uliofuata. Darasa lililozoea watoto wa rika moja likajikuta na vijana waliokuwa wameacha shule kitambo, watoto waliokuwa wakichunga mifugo na wengine waliokuwa wakirandaranda mitaani.

Mmoja wa waliobisha hodi alikuwa Mzee Kimani Maruge. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akiwa amevalia sare na kaptula kama wenzake. Ingalikuwa rahisi kwa mwalimu mkuu, Jane Obinchu, kumfukuza mzee huyo kwa hoja kwamba shule ni ya watoto. Alimpokea. Maruge aliaga dunia mwaka 2009, lakini alikuwa amekwisha kuuonyesha ulimwengu kwamba mlango wa darasa huwa mpana au mwembamba kutegemea anayeushika.

Kuingia darasani, hata hivyo, ni hatua ya kwanza tu. Mtoto anaweza kuhudhuria shule kila siku kwa miaka minane na asifundishwe. Mwenye matatizo ya kuona huketi mbali na ubao na kunakili visivyo. Asiyesikia vyema hukosa nusu ya maelezo kwa sababu mwalimu huzungumza huku ameupa ubao uso na darasa mgongo. Mwenye disleksia, ambaye herufi humchanganya licha ya akili yake kuwa timamu, huitwa mvivu. Naye ambaye matamshi yake yameathiriwa na lugha ya mama huchekwa anaposoma kwa sauti, na tangu siku hiyo hanyooshi mkono tena.

Watoto wa aina hii hawaachi shule kwa siku moja. Huanza kwa kunyamaza, kisha hukosa siku ya mtihani, halafu hukosa wiki nzima, na hatimaye jina lao hufutwa katika sajili. Hasara hiyo haionekani katika orodha ya matokeo kwa kuwa orodha huwataja waliobaki pekee.

Sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kadiri inavyofaa mahitaji yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inapiga marufuku adhabu ya kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Kwa hiyo, mwalimu anayemwita mtoto mjinga mbele ya wenzake hapaswi kudhani kwamba amekuwa mpole kwa vile tu hakushika kiboko.

Sheria pekee, lakini, haifundishi. Kinachofundisha ni yale mwalimu anayotenda katika kipindi cha dakika 35 au 40.

Hatua rahisi zaidi ni kusubiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alibaini kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, hungoja takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwanafunzi mwingine au kulijibu wenyewe. Waliporefusha muda huo hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yaliongezeka urefu na kina, na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde mbili za ziada hazihitaji bajeti wala idhini ya wizara.

Hatua ya pili ni kumfikiria kila mtoto wakati wa kuandaa andalio la somo. Chukua mfano wa somo la ngeli katika darasa la wanafunzi 60. Mwalimu anaweza kuandika majedwali ubaoni na kuwaamuru watoto wayakariri. Anaweza pia kuwaagiza walete vitu halisi kama vile jiwe, kijiti, ua na kikombe, wavipange katika makundi, na kutunga sentensi wakiwa wawili wawili kabla ya kuzungumza mbele ya darasa zima. Katika njia hii ya pili, asiyeona vizuri hushika kwa mikono, asiyesikia vizuri hutazama, mwenye haya hujaribu kwanza mbele ya mwenzake mmoja, na mwepesi wa kuelewa hupata nafasi ya kueleza. Ngeli ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi ya walioshiriki.

Hatua ya tatu inahusu mpangilio wa darasa. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye aghalabu huwa na uoni hafifu, aketi karibu na ubao na mbali na mwangaza mkali wa dirishani. Mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika. Azungumze akilitazama darasa ili anayesoma midomo asipitwe. Kundi likitumia chumba chenye ngazi ilhali mmoja wao hutumia kiti cha magurudumu, ni busara kundi zima libadilishane chumba badala ya mtoto huyo kubebwa kila asubuhi kama mzigo.

Ari huingia hapa. Mwalimu aliyechoka na kazi yake huziona hatua hizi kuwa adha. Mwenye shauku huziona kuwa sehemu ya ufundi wake, kwa sababu furaha yake kuu ni kuona uso wa mtoto ukibadilika pale jambo lililomtatiza linapomwelea.

Mfano wa karibu ni wa Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko na mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika Shule ya Upili ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyetunukiwa jijini Dubai Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani ya mwaka 2019, yenye zawadi ya dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na mtandao usiotegemeka. Karibu thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja. Tabichi alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wasiojiweza na alizitembelea nyumba za wanafunzi waliokuwa katika hatari ya kuacha masomo.

Wanafunzi wake waliunda kifaa cha kuwawezesha watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Watoto waliofundishwa na mtu asiyemwacha yeyote nyuma walitumia ujuzi wao kuwafikiria wale ambao jamii huwaacha nyuma. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Walakini, si haki kuutwika mzigo huu wote mabegani mwa mwalimu. Anayefundisha wanafunzi 80 katika chumba kimoja, na kusahihisha madaftari yao usiku, hawezi kumfikia kila mmoja kwa ari pekee. Ualimu wenye moyo wa kujitolea haupaswi kugeuzwa kisingizio cha kutoajiri walimu wa kutosha. Ni wajibu wa serikali kusambaza vitabu vya nukta nundu, visaidizi vya kusikia na walimu wanaoijua Lugha ya Ishara ya Kenya. Taasisi ya Elimu Maalumu nchini, iliyoasisiwa mwaka 1986, huwafunza walimu kuhusu mahitaji haya, ila mafunzo hayo yanastahili kumfikia kila mwalimu, hata yule ambaye hakusomea elimu maalumu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baadhi yao bado huwaficha watoto wenye ulemavu nyumbani kwa kuona aibu. Wengine hulalamika mtoto wao anapoketishwa na mwenye usonji, wakihofia kwamba atarudishwa nyuma kimasomo. Husahau kwamba anayemweleza mwenzake jambo hulielewa maradufu, na kwamba subira haina kitabu cha kiada.

Penye nia pana njia. Mwalimu anayetaka kuanza hana haja ya kungoja warsha wala waraka. Katika kipindi kijacho, anaweza kuuliza swali, akanyamaza kwa sekunde tatu, akaipita ile mikono mitano iliyozoeleka, na kumtazama kwa upole yule aliyeinamisha kichwa kule nyuma. Huenda jibu lisiwe sahihi siku ya kwanza. Hata hivyo, mtoto huyo atakwenda nyumbani akijua kwamba yupo mtu aliyetaka kumsikia, na kesho yake atakuwa na sababu ya kurudi.