Gredi ya 1 isomeshwe kwa lugha ipi?

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo la shule. Mtaala wa umilisi umeshikilia hilo kwa Gredi ya 1 hadi ya 3. Mijini, lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili. Ajabu ni kwamba shule nyingi hukimbilia Kiingereza siku ya kwanza, nasi wazazi twashangilia! Mtoto huimba hesabu kama kasuku. Muulize kwa Kiswahili machungwa mawili na mawili ni mangapi, utaona macho yanavyomng'aa. Kwani hakuwa na akili? La hasha, alikosa lugha tu. Kiingereza kifunzwe kama somo, tena vizuri (mimi mwenyewe kimenilisha). Ila mzazi, ukienda shuleni muhula ujao, muulize mwalimu: hesabu mnaifundisha kwa lugha gani?